Kilichokuwa Chini ya Keki

Jumapili saa nane na robo mchana, vyombo vya chakula vikiwa vimeoshwa na kufunikwa kitambaa, mkamwana wa nyumba ile alichekechea vikombe viwili vya unga wa ngano kwenye bakuli la plastiki lililopasuka ukingo. Akatia vijiko vinne vya kakao, sukari, chumvi ya kufinya kwa vidole viwili na unga wa kuumulia keki. Pembeni alikoroga maziwa, yai na siagi iliyoyeyushwa. Akachanganya vyote kwa mwiko, mara chache tu, kwa kuwa keki ya aina ile ukiipiga sana hutoka ngumu kama soli ya kiatu.

Alipokwisha kuimimina kwenye bakuli la kioo la kuokea, alifanya lile jambo ambalo mama mkwe wake alikuwa hajalimeza kwa miaka yote kumi na moja. Alinyunyiza juu yake sukari ya kahawia na kakao kavu, halafu akamwagia maji yanayochemka, vikombe viwili kamili, akiyapitisha juu ya mgongo wa kijiko. Bakuli likawa kama dimbwi la barabarani.

"Ameshaiharibu," alisema mama mkwe kutoka kwenye kiti chake mlangoni mwa jikoni.

Alisema hivyo kila Jumapili. Na kila Jumapili, dakika arobaini baadaye, keki ilikuwa imepanda juu na kupasuka kidogo katikati, na yale maji yalikuwa yamezama chini na kugeuka mchuzi mzito, mweusi, wenye kutoa mvuke kijiko kinapoingia. Mama mkwe alikula sahani mbili. Akimaliza alisema kwamba mchuzi ni wa kulia wali, keki haina haja nao.

Mama mkwe huyu aliitwa Matroni. Alikuwa amelea wasichana wa bweni kwa miaka thelathini na mmoja, akipekua magodoro na kunusa midomo, na alipostaafu alikuja nyumbani na ile kazi, hakuiacha shuleni. Funguo zilimning'inia kiunoni. Alipitisha kidole juu ya rafu akakitazama. Hata watoto wake wawili wa kuwazaa walimwita Matroni, na hakuna aliyekumbuka kama waliwahi kumwita vingine.

Mkamwana naye aliitwa Mgeni. Matroni ndiye aliyempa jina hilo siku ile alipoingia na masanduku yake mawili, na mwanzoni watu walicheka. Mwaka wa pili kicheko kiliisha, jina likabaki. Mwambie Mgeni chai imepoa. Mgeni ameanua nguo? Mume wake pia alimwita hivyo, kwanza kwa utani, baadaye kwa mazoea.

Mume alikuwa mwalimu wa udereva. Gari lake la kazi lilikuwa na breki ya pili upande wa abiria, chini ya mguu wake, na humo garini alikuwa simba: alifoka, alikanyaga, alisimamisha gari katikati ya kosa la mtu. Nyumbani mambo yalikuwa tofauti. Mama yake na mkewe walipoanza kurushiana maneno mezani, mguu wake wa kulia ulikandamiza sakafu kwa nguvu zake zote, na hakuna kilichosimama.

Wa nne mezani alikuwa dada yake mdogo, wifi yake Mgeni, ambaye hakuwa ameolewa na alifanya kazi katika ofisi ya ramani za majengo. Alikuja kila Jumapili na bomba refu la karatasi ngumu kwapani. Keki ikiisha, meza ilifutwa, Wifi alichomoa ramani kutoka kwenye bomba, akazitandaza, akaenda sebuleni kujinyoosha. Mgeni alikaa akachora mpaka mwanga wa dirishani ukaisha.

Alichora kwa sababu alijua kuchora. Alikuwa amesomea kazi hiyo miaka miwili kabla ya kuolewa, na miaka tisa nyuma aliomba nafasi katika ofisi hiyo hiyo. Jibu halikuja. Cheti chake nacho kilipotea wiki ile walipopaka rangi vyumba. Matroni alisema huenda kilichanganyika na magazeti ya zamani kikawashiwa moto jikoni. Wiki chache baadaye Wifi akapata kazi pale, akaanza kuja na bomba lake, na Mgeni, moyo ukimuuma, alifurahi angalau kushika penseli. Aliambiwa aiache tupu ile kona ya chini kulia, panapowekwa jina na saini. Wifi angeijaza mwenyewe ofisini.

Basi Jumapili hiyo Mgeni aliitoa keki kwenye oveni, akaiweka katikati ya meza juu ya kibao, akachoma kijiko kikubwa mpaka chini. Kijiko kiligonga kitu. Akakisukuma pembeni, akakiinua. Ilikuwa bahasha.

Aliifuta kwa pindo la aproni. Mchuzi ulikuwa umeipaka rangi ya kahawia lakini haukuwa umeila karatasi, na muhuri wa ofisi ya ramani ulionekana vizuri. Juu yake yalikuwa yameandikwa majina yake matatu, kwenye mstari mmoja. Ilimchukua muda kidogo kuyazoea. Akafungua, akasoma akiwa amesimama. Barua ilimwambia kwamba amekubaliwa, na aripoti Jumatatu saa moja na nusu asubuhi akiwa na cheti chake halisi. Tarehe ilikuwa ya miaka tisa iliyopita.

"Sahani zinapoa," alisema Matroni.

"Barua yangu imetoka kwenye keki."

"Naiona."

"Mama, wewe ndiye uliyeipokea hii."

"Niliipokea, nikaitia motoni. Niliikalia pale pale mpaka kona ya mwisho ikaungua." Matroni alikunja kitambaa chake cha mkononi mara mbili. "Sasa imerudi. Aliyepika ni wewe, usiniulize mimi imerudije."

"Siulizi imerudije. Nauliza kwa nini uliichoma."

"Na nyumba hii ingepikiwa na nani?"

Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu. Kwa miaka thelathini na mmoja mkono ule uliponyooshwa hivyo, wasichana walitoa walichonacho: peremende, vioo, barua za wavulana. Mgeni akaiweka barua kiganjani. Alikuja kushtukia baadaye, akiosha vyombo, kwamba ameitoa mwenyewe, na jambo hilo lilimkera kuliko lile la moto. Alisugua bakuli mpaka vidole vikamwuma.

"Keki nzuri," mume wake alikuwa amesema, mguu wake ukiwa umegandamana na sakafu.

Matroni aliifungia barua kwenye kabati lake, rafu ya juu, akageuza ufunguo mara mbili.

Jumapili iliyofuata ilitoka tena chini ya keki, na safari hii haikuwa peke yake. Ilikuja na cheti, kimekunjwa mara nne, kinachuruzika mchuzi. Matroni alikwenda kulitazama kabati lake. Kufuli zima, rafu tupu. Alirudi akanung'unika kwamba sasa funguo zake zinanata, akamwagiza Mgeni aweke sinia karibu na bakuli, vitu vinavyotoka vitengwe humo visichafue kitambaa cha meza.

Mgeni alikikunjua cheti. Hakikuwa na alama ya moto popote. Kona ya juu kushoto kilikuwa na vitundu viwili vidogo, vya pini ya kubania karatasi.

"Uliniambia kiliungua."

"Nilisema huenda," alisema Matroni. "Mimi siwezi kuchoma cheti cha mtu. Unanionaje?"

"Kilikuwa wapi, basi?"

Matroni alimtazama binti yake. Binti yake alikuwa akikwangua sahani kwa ubavu wa kijiko, macho chini, kwa uangalifu kama mtu anayetoa mwiba.

"Mgeni," alisema Wifi bila kuinua uso, "niongezee mchuzi."

Mgeni alimwongezea, kutoka ule upande ulioshika chini ya bakuli na kuungua. Ndilo lililokuwa ndani ya uwezo wake siku hiyo. Mchana ule ule alichora choo cha shule na ngazi za maktaba, akaiacha kona tupu, na penseli ilivunjika mara tatu.

Jumapili ya tatu barua na cheti vilitoka vya kwanza, vikatengwa kwenye sinia, na hakuna aliyevitazama mara mbili. Halafu kijiko kikaleta kitambulisho cha kazi chenye kamba ya shingoni. Kilikuwa cha plastiki ngumu na kilikuwa cha moto, hata ikabidi Mgeni akishike kwa aproni. Majina yalikuwa yake, yote matatu. Picha ilikuwa ya Wifi.

"Ah, hicho," alisema Wifi, akanyoosha mkono juu ya meza. "Nakitafuta tangu Ijumaa. Mlinzi kanisumbua getini kweli." Akakilamba ukingo, akakikausha kwa kitambaa, akajivika.

Mgeni alikaa. Hakuwa na kawaida ya kukaa kabla wote hawajapakuliwa.

"Hilo ni jina langu."

"Najua ni lako. Na nimelitunza." Wifi alikuwa na sauti ya mtu anayedaiwa shukrani. "Miaka tisa sijachelewa hata siku moja. Sijapewa onyo. Uliza uambiwe. Wewe ungelifanyia nini? Ungelifungia humu jikoni na masufuria."

"Nyie wawili mlikuwa hamna kazi," alisema Matroni. "Mmoja ana mume, mwingine hana. Nafasi ilikuwa moja. Nikagawa."

"Ulichogawa kilikuwa changu."

"Bwenini kila kitu kilikuwa cha mtu. Ungesubiri mwenyewe akupe, watoto wangelala na njaa."

Mume alisema kwamba mchuzi wa leo umekuwa mzito vizuri.

Wifi alimaliza, akafuta mdomo, akachomoa ramani kwenye bomba. Ilikuwa zahanati ya ghorofa moja. "Inatakiwa Jumanne," alisema, "na wameomba madirisha ya wodi yapanuliwe."

"Mchoreshe aliye kwenye picha," alijibu Mgeni, akaondoka na bakuli.

Ilikuwa mara ya kwanza. Wifi alibaki ameshika karatasi kwa ncha mbili, inajikunja, naye anaikunjua, inajikunja. Matroni alisema mwanamke huyu amelishwa mpaka amevimba kichwa. Sinia lilipofuatwa ili vile vitu vifungiwe, lilikuwa tupu: Mgeni alikuwa ameichukua barua na cheti chake, akavianika chumbani kwake kwenye waya wa pazia, kwa vibanio vya nguo.

Jumatatu asubuhi alimwambia mume wake ampeleke ofisi ya ramani. Walipanda gari la mafunzo, lenye kibao juu ya paa. Mume alikaa kwenye usukani, Mgeni akakaa upande wa pili, penye ile breki. Gari zima lilinuka chokoleti.

"Ulijua?" alimwuliza walipofika barabara kubwa.

Mume alipiga indiketa, akatazama kioo, akabadili gia. "Nilijua kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mwanzo wake. Na mwisho wake. Ya katikati sikuuliza."

"Miaka tisa nalala pembeni yako."

"Ungefanya nini na kujua? Ungepata shida ya bure. Dada alihitaji kitu cha kumshikilia. Wewe ulikuwa na mimi."

Mgeni alikanyaga breki ya upande wake mpaka ikagusa chini. Gari lilisimama kwa kishindo katikati ya barabara, injini ikazima, nyuma yao honi zikaanza kulia moja baada ya nyingine. Mume alitazama mbele, mikono kwenye usukani, mmoja palipo kumi na mwingine palipo mbili kwenye uso wa saa, kama anavyofundisha. Mgeni alishuka, akafunga mlango, akaenda mwendo uliobaki kwa miguu.

Afisa utumishi wa ofisi ya ramani alikuwa mtu mpole mwenye dawati safi. Aliipokea barua na cheti, akavinusa, akavaa miwani.

"Hizi zimeokwa," alisema.

"Nyuzi mia na themanini. Dakika arobaini."

"Haina neno. Wiki iliyopita bwana mmoja ameleta hati ya nyumba iliyotoka ndani ya papai. Tunachotaka sisi ni muhuri usomeke." Alisimama akaiinua barua dirishani. "Unasomeka. Na saini ni yangu. Wakati huo nilikuwa bado naukunja mkia wake."

"Kwa hiyo ni halali?"

"Halali kabisa. Uliajiriwa."

Mgeni alisogeza kiti chake karibu na dawati. "Naweza kuanza lini?"

Afisa alifungua jalada nene, akalamba kidole, akarudi kurasa nyuma. "Umeshaanza. Miaka tisa iliyopita, Jumatatu, saa moja na dakika ishirini. Uliwahi kwa dakika kumi."

"Yule siye mimi. Ni wifi yangu."

"Nakuamini," alisema afisa, na ilionekana anamwamini kweli. "Ila tazama. Jina ni moja, nafasi ni moja, na mtu yupo kitini. Nikikuandika na wewe nitakuwa nimekuajiri mara mbili. Haturuhusiwi."

"Mwondoe yeye."

"Nimwondoe kwa kosa gani? Jalada lake halina doa. Yaani jalada lako."

Akanyanyua simu, akaita. Wifi alikuja na kitambulisho shingoni, kamba yake imeganda kwa sukari iliyokauka. Walikuwa hawajawahi kukutana nje ya nyumba ile, na kwa muda mfupi walitazamana kama watu waliogongana dukani.

"Unamfahamu huyu?" afisa aliuliza.

"Namfahamu," alisema Wifi. "Ni mgeni wa nyumbani kwetu."

Ukutani, nyuma ya dawati, kulikuwa na michoro mitano ndani ya fremu. Mgeni alikuwa akiitazama tangu alipoketi. Soko lenye paa la mawimbi. Kituo cha zimamoto. Shule ya viziwi, ambayo ilimchukua Jumapili sita. Kila mmoja ulikuwa na jina lake kwenye kona ya chini kulia, kwa mwandiko wa mtu mwingine, herufi zimelalia kushoto.

"Hii nimechora mimi," alisema. "Yote. Kwenye shule hiyo, mlango wa stoo niliuweka upande usio wake, nikaukwangua kwa wembe. Nenda uangalie. Karatasi imechubuka."

Afisa aliinuka, akasogeza miwani, akaiweka pua karibu na kioo. Alikaa hivyo kitambo. Akapitisha kidole juu ya kioo, pale penye mlango.

"Ni kweli," alisema. "Pamechubuka."

Akarudi akaketi, akachukua kalamu, akaandika mistari minne kwenye jalada huku akiisoma kwa sauti: kwamba mchoraji wa michoro hii amefika ofisini na ametambulika kwa alama ya wembe. Akagonga muhuri. Akatoa nakala za barua na cheti, akabana nakala hizo jaladani, akamrudishia Mgeni zile halisi kwa mikono miwili.

"Ofisi inakushukuru kwa taarifa," alisema.

"Na mimi?"

"Wewe, kama nilivyosema, uko kazini." Alimwelekezea Wifi kalamu, kwa heshima, kama mtu anayeonyesha njia.

Mgeni alimtazama Wifi. Alitaka aone hata haya kidogo, hata jasho. Wifi alikuwa anatazama saa ya ukutani, kwa sababu muda wa chai ulikuwa umebaki dakika tano.

Wiki zilizofuata Mgeni alizunguka. Alikwenda kwa wajenzi binafsi, kwa kampuni ya mabomba, kwa shule ya ufundi iliyotaka msaidizi. Kila alipotaja majina yake, mtu alifungua daftari au kompyuta, akamwambia kwa upole kwamba mtu huyo tayari ana ajira, tena nzuri, na akamtakia kila la heri huko aliko. Alipojaribu kutumia jina la Mgeni walimwomba cheti chenye jina hilo.

Hakuchora tena. Ramani ya zahanati ilichelewa, kisha ya ghala ikachelewa, na nyumbani Matroni alianza kufunga sukari ndani ya kabati. Chai ya Mgeni ilipoa birikani bila sukari. Mume alihamishia mto wake kwenye kochi, akasema mgongo unamsumbua. Kwa muda wa mwezi mzima katika nyumba ile watu waliongea na paka tu, naye paka alikuwa wa jirani.

Lakini Wifi hakuanguka, kama Mgeni alivyokuwa akiombea kila anapofagia. Afisa utumishi aliangalia jalada, akaona mistari ile minne na michoro mitano iliyosifiwa, akaona pia kwamba siku hizi kazi zinachelewa, akafikia uamuzi wa busara: mchoraji hodari namna hii amechoka, na anastahili kupandishwa. Wifi akafanywa msimamizi wa wachoraji. Msimamizi hachori. Alipewa chumba chenye mlango, na yale majina matatu ya Mgeni yakaandikwa juu ya mlango huo kwa herufi za shaba.

Barua na cheti vilibaki kwenye meza ya pembeni, chumba cha kulia, mahali ambapo Mgeni aliviweka siku ile aliporudi kutoka ofisini. Aliviweka pale makusudi, vimekunjuliwa, kila mtu avione akila. Matroni aliviona. Aliona pia kwamba kuvifungia ni kazi bure. "Acha vikae," alisema. "Nimechoka kufungua kabati." Vikakaa, kati ya kikapu cha matunda na chupa ya maji. Watu walivipita, wakavizoea.

Sherehe ya kupandishwa cheo ilipangwa Jumapili, saa tisa alasiri, nyumbani. Wangekuja afisa utumishi na wachoraji sita. Matroni alimwambia Mgeni atengeneze ile keki yake ya mchuzi.

"Mwambie aliyepandishwa atengeneze," alisema Mgeni.

"Yeye hawezi keki."

"Na kuchora hawezi, mbona hakushindwa?"

Matroni alifungua kabati, akatoa sukari yote, mfuko mzima, akaitua mezani kwa kishindo. Mgeni aliutazama mfuko ule kwa muda. Wazo lilimjia likamkaa: watu wale saba hawajawahi kuona kitu kikitoka chini ya keki yake. Afisa peke yake ndiye aliyesikia. Kama kutatoka kitu mbele yao wote, kitu kikubwa, kitu kisichoweza kubanwa jaladani, basi labda kuna mmoja atakayeinuka kwenye kiti. Akavaa aproni.

Alitumia bakuli kubwa kuliko yote, lile la kuoshea mboga, la bati nene. Vikombe vinane vya unga. Kakao yote iliyokuwemo ndani ya nyumba. Maji ya moto aliyamimina moja kwa moja kutoka kwenye birika, bila kijiko, yakarukia mkono wake na hakuuondoa. Matroni alikuwa mlangoni. Kwa mara ya kwanza hakusema kwamba imeharibika.

Wageni walikaa wamebanana, magoti yakigusana. Afisa alisimama akasema maneno machache. Alisifu bidii, uaminifu na mistari iliyonyooka, kisha akataja majina yale matatu kwa ukamilifu, kwa sauti ya upendo, na watu wakapiga makofi.

"Abee," aliitika Mgeni, akiwa amesimama na bakuli mikononi.

"Abee," aliitika Wifi, akiwa kitini.

Wachoraji walicheka kidogo, kama watu wanavyocheka wawili wakipiga chafya pamoja. Mmoja wao, kijana mwenye wino kwenye kucha, alimwangalia Mgeni mkono, pale penye sugu ndogo ya kushikia penseli, kisha akautazama wa kwake. Akashusha macho kwenye sahani.

Mgeni aliweka bakuli mezani. Alichoma kijiko katikati, mpaka bati likalia. Akakikokota kutoka upande mmoja hadi wa pili. Akazungusha pembeni, akapekua chini, kama Matroni alivyokuwa akipekua magodoro, huku mvuke ukimpiga usoni na watu wakisubiri na sahani zao. Kulikuwa na mchuzi tu. Mzito, mweusi, laini, bila kipande cha karatasi, bila kamba, bila chochote. Hapakuwa na kitu kilichobaki kufichwa katika nyumba ile. Kila kitu kilikuwa juu ya meza na kila aliyekuwepo alikijua.

Akawapakulia, mmoja baada ya mwingine. Wakala. Walisema ni tamu ajabu, na wakamuuliza Matroni amempata wapi mpishi huyu, naye Matroni akasema, "Wa hapa hapa."

Afisa utumishi alikuwa amekaa karibu na meza ya pembeni, sahani mkono mmoja, kikombe cha chai ya moto mkono wa pili, na hakuwa na pa kukitua kikombe. Meza ilikuwa imepakwa vanishi wiki ile, nayo macho ya Matroni yalikuwa juu yake. Aligeuka, akaona barua na cheti. Akavitambua, akatabasamu.

"Vimekauka vizuri," alimwambia Mgeni.

Akakivuta cheti karibu, akakinyoosha kwa kiganja, akatua kikombe chake juu yake. Kisha akanyoosha sahani, na Mgeni akamwongezea mchuzi.